Kamba Nne Kichakani

3 Desemba 1906
Nimefika nyumbani jana, miguu imevimba. Shule ya Masasi imefungwa kwa sababu hakuna cha kutulisha. Mwalimu Benedikto alitugawia karatasi zilizonusurika moto wa mwaka jana, akatuambia sisi wakubwa tuandike kidogo kila tunapoweza, hata kama hatuna la kusema, mkono usisahau. "Andikeni mlichokiona," alisema, "si mlichokisikia." Haya. Leo nimeona kwamba mama amekonda, na anachechemea. Aliteleza na mtungi wa maji miezi miwili iliyopita, goti halijapona.

5 Desemba
Huku kwetu juu hakuna kijito wala kisima. Mvua ikichelewa, wanawake tunateremka mpaka chini ya mlima kuteka maji, kisha tunapanda nayo kichwani. Mama hawezi tena, kwa hiyo naenda mimi. Leo nilikwenda na mwanamke aitwaye Mama Ambrosi, mgeni wetu. Amepanda huku kutoka upande wa Masasi na mtoto wake mdogo. Mumewe alikufa vitani. Askari walichoma ghala na shamba lake, na anasema simba wa kule sasa wamezoea watu. Analala jikoni kwetu, anakula chungu kimoja na sisi.

Sijampenda. Anacheka kwa sauti kubwa mno kwa mtu aliyefiwa. Nilipomwamkia kule majini alisema, "Marahaba, mwanafunzi. Lakini mbona unauamkia mtungi? Mimi niko huku." Wanawake wote wakacheka. Ni kweli nilikuwa nautazama mtungi. Siwezi kuwatazama watu usoni.

9 Desemba
Mvua hakuna. Maji, ming'oko, kulala.

12 Desemba
Niandike juu ya ming'oko, maana ndiyo tunayokula. Ni mizizi ya mmea wa porini unaotambaa na kujiviringisha kwenye miti. Unaifuata kamba yake mpaka inapoingia ardhini, unachimba kwa mti uliochongwa ncha, unatoa mzizi. Kile kichwa cha juu, pale kamba inapoota, hukiondoi. Ukikata mzizi unakirudisha shimoni, unafukia, unakanyaga. Mwakani kitatoa mwingine. Mtoto wa kwetu anayeacha shimo wazi hupigwa kabla hajauliza amekosa nini.

Nimechimba kutwa na kupata kiasi cha mlo mmoja. Kichaka chetu ni kigumu, matawi yamefungamana mpaka mbuzi hapenyi. Nilikuwa nimelala kifudifudi katikati ya miiba nikaikumbuka ramani ya Mwalimu. Iliungua pamoja na shule, lakini bado ninaiona. Juu kabisa palikuwa peupe, nchi ambayo chini ya udongo pana barafu mwaka mzima, mti hauoti, ni kuvu na majani mafupi tu. Chini yake kijani kizito, misitu ya miti yenye majani kama sindano. Kisha nchi za nyasi. Kisha rangi ya mchanga, majangwa. Na katikati ya dunia kijani kibichi, misitu ambako mvua haijui kukoma. Mwalimu alisema mvua na joto ndivyo vinavyoamua kila rangi ikae wapi, na rangi huamua ni nani ataishi pale na kwa wingi gani.

Kwetu palipakwa rangi ya nyika, nyasi na mti mmoja mmoja. Siku ile niliinua mkono, mara moja tu kwa mwaka mzima, nikasema, "Mwalimu, kwetu hakuna nyasi." Wenzangu waligeuka kunitazama na nikatamani kufa. Mwalimu alicheka akasema, "Aliyepaka rangi hakupanda mlima wenu, Paulina. Labda alichoka njiani."

19 Desemba
Mvua! Tumeweka vyungu vyote nje, hata kile kilichovunjika mdomo.

22 Desemba
Tumepanda mtama na kunde. Mbegu zilikuwa chache. Mjomba Shamte, kaka yake mama, ndiye mkubwa wa kijiji hiki, na ndiye aliyegawa kwa mkono wake. Kila aliyepokea alitazama kiganja cha mwenzake. Kaya nyingine mbili za watu wa bondeni zimepanda juu kuja kwetu. Mjomba aliwapa mbegu nao. Mkewe Esha alisema, si kwa sauti ya chini, "Leo tunawapa mbegu, kesho watatuomba meno ya kutafunia."

Mjomba hakumjibu. Siku hizi hajibu mambo mengi. Askari walimnyang'anya upinde na mikuki, na tangu hapo anatembea mikono nyuma kama mtu aliyesahau kitu.

25 Desemba
Noeli. Niliimba peke yangu majini. Mama Ambrosi aliitikia kutoka juu ya mwamba, akakosea maneno yote.

2 Januari 1907
Mvua imenyesha mfululizo, hakuna kazi ya shamba. Nimepata wazo na nimelifanya.

Mwalimu alipokuwa kijana alimbebea kamba Mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu mipira ya porini, ile mimea ya utomvu. Yule Mzungu hakuhesabu pori zima. Alifunga kamba nne, akapata mraba, akahesabu mashina yaliyomo, kisha akapiga hesabu pori lote lina mangapi. Mwalimu alitufundisha kufanya hivyo kwa mihogo ya shule.

Nilisokota kamba za magome, nikachukua panga la mama, nikafungua njia kuingia kichakani upande wa mashariki, si mbali na nyumba. Nilifunga mraba wangu. Mashina ya ming'oko yalikuwa arobaini na moja. Nilifurahi sana kuandika namba hiyo. Ni jambo la kwanza tangu nirudi ambalo halikunichosha.

9 Januari
Panya wamejaa darini. Mwalimu alisema panya wawili wakiachwa na chakula bila paka wala nyoka wataijaza nyumba kabla mwaka haujaisha, lakini hawajazi dunia, kwa sababu chakula huisha kwanza. Kule kwenye nchi nyeupe wako wanyama kama panya ambao huongezeka mwaka hadi mwaka, wakamaliza majani, wakafa karibu wote, majani yakaota tena, wakaanza upya. Alisema jamii yoyote hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuja, kuondoka. Mengine yote ni maelezo.

Kwetu mwezi huu: aliyezaliwa hakuna. Amekufa mzee mmoja wa bondeni. Waliokuja ni wengi.

14 Januari
Tumekula ming'oko usiku. Mvua ikiingia huwa ya majimaji, na yetu siku hizi ina nyuzi na uchungu kidogo. Nilimaliza fungu langu. Mama Ambrosi alinitazama akasema, "Mama Paulina, huyu binti yako mwembamba chakula anakipeleka wapi? Mimi na Ambrosi tukijumlishwa hatumfikii."

"Kinakwenda kichwani," mama alijibu. "Kusoma kunakula."

Wakacheka wote wawili. Nilikasirika, kisha nikaona kuwa nilikuwa sijamsikia mama akicheka tangu nirudi.

20 Januari
Mrabani mwangu yamebaki kumi na tisa. Mashimo yako wazi, vichwa havimo.

21 Januari
Nimehesabu tena. Kumi na tisa.

24 Januari
Nimebeba maji mara mbili. Mama Ambrosi ana homa, nimemchukulia mtungi wake. Alinishukuru kwa maneno ya kawaida, bila mzaha. Nikagundua kuwa mzaha wake nilikuwa nimeuzoea.

29 Januari
Sita.

Esha ameona mashimo mahali pengine pia, karibu na njia yangu. Anasema kila penye watu, "Wa bondeni hao. Kwao wanang'oa, hawafukii. Watang'oa na kucha zetu." Mama alikuwa anaosha chungu, hakuinua uso. Mimi nilimwamini Esha. Nani mwingine angefanya hivyo? Sisi tumepigwa tangu utotoni.

1 Februari
Leo mjomba ameniita barazani kwake. Hajawahi kuniita. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka pembeni. Alikuwa amevaa kofia yake safi kana kwamba mimi ni mgeni.

"Nimesikia unahesabu kichaka," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi nimekikaa miaka yangu yote sijakihesabu. Kunde bado. Mtama bado sana. Watu wananijia kila asubuhi, huyu anasema wageni waondoke, yule anasema Mungu atatuuliza. Nimechoka, mama. Wewe umesoma. Niambie, pori hili litatulisha wote mpaka kunde?"

Aliniita mama, kama mtu anavyomwita mtoto anayempenda. Nikasahau aibu yangu. Nilimweleza yote, kamba nne, arobaini na moja, kumi na tisa, sita. Nilisema kila pori lina kiasi chake cha kulisha, na walaji wakizidi hawali tu kilichopo, wanakula na cha mwakani. Nilisema kwa mwendo huu mwezi hautaisha kabla pori halijaisha. Nilizungumza kama Mwalimu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. "Basi imekuwa," alisema. "Wa bondeni watateremka. Nitawaambia Ijumaa ijayo baada ya sala."

Nilirudi nyumbani. Mama Ambrosi alikuwa uani anamkuna Ambrosi mgongo kwa kigunzi, mtoto akijinyoosha kama paka. "Umeitwa na wakubwa!" alisema. "Kesho hutatusalimia, hata mtungi hutausalimia." Nilisema naumwa kichwa. Nimelala bila kula, mama akalihifadhi fungu langu.

4 Februari
Sijui nianzie wapi. Nianze na kamba.

Asubuhi nilikwenda kuzifungua kamba zangu, sikutaka kuuona tena ule mraba. Mvua ilikuwa nyepesi. Nilipokaribia nikasikia mtu anahema. Mama alikuwa amepiga goti moja katikati ya mraba, lile goti baya amelinyoosha pembeni, limefungwa kitambaa. Kando yake palikuwa na mng'oko mmoja mwembamba na kichwa chake, vyote vimo kapuni.

Hakushtuka. "Njoo unishike mkono," alisema. "Goti limekataa."

Nilimwinua. "Mama, umeng'oa kichwa."

"Nimeng'oa."

"Na vile vingine?"

"Hivyo navyo." Alijifuta matope. "Ulinifungulia njia nzuri, mwanangu. Kwingine siwezi kupenya, miiba inanishika na mguu hauinuki. Nikasema, angalau huyu amenikumbuka."

"Lakini wewe ndiye uliyenichapa kwa shimo moja! Nilikuwa sijafikisha hata..."

"Wakati ule nilikuwa na mihogo." Alilibeba kapu. "Kichwa kimoja kikichemshwa sana ni matonge mawili. Lile fungu la pili unalopewa wewe ulidhani linatoka wapi?"

Nilisimama pale kwenye mvua. Ule uchungu na zile nyuzi. Mama alitangulia, akichechemea juu ya njia niliyoilima mimi.

Hakuna mtu wa bondeni aliyewahi kuingia mle. Mraba wangu haukupima pori. Ulipima goti la mama yangu. Nilifungua njia, naye akaifuata kwa sababu ilikuwa njia, na mimi nikahesabu kila alipopita, kisha nikazidisha kwa pori zima nikampelekea mjomba.

Nilikwenda mbali zaidi, nikatambaa mahali ambapo hapana njia kabisa. Nguo imechanika, shingo inawasha mpaka sasa. Ming'oko ipo. Si mingi kama zamani, na mingine imechimbwa, lakini mashimo mengi huko yamefukiwa na kukanyagwa. Nyayo nyingine zilikuwa ndogo, za mtoto. Nimeweka mraba mahali patatu palipo mbalimbali. Kila mahali palizidi ishirini.

Ijumaa ni kesho kutwa... la, nimekosea, hata siku zimenivuruga. Leo Jumatatu. Ijumaa bado. Nisingekuwa na muda wa kufikiri ingekuwa rahisi zaidi. Nikinyamaza, Mama Ambrosi atateremka na mtoto kwa simba na majivu. Nikisema, mama yangu hatapita mbele ya Esha tena.

6 Februari
Maji. Sikuweza kuandika jana.

8 Februari, Ijumaa
Wanaume walitoka kusali wakakaa barazani, wanawake tukasimama nyuma ya ukuta wa nyasi. Watu wa bondeni walikuwa wamekaa upande mmoja, tayari wamefunga vifurushi. Habari ilikuwa imewafikia. Mama Ambrosi alikuwa na mkeka mmoja na sufuria yenye tundu. Hakuwa anacheka.

Mjomba alianza kusema juu ya pori na kiasi chake. Alikuwa anayarudia maneno yangu, neno kwa neno, na yalikuwa yanasikika vizuri sana. Hapo ndipo nilipopita mbele. Sijui nilipitaje. Nilikuwa nautazama mguu wa kiti chake.

"Mjomba, hesabu yangu ni mbovu."

Mtu mmoja akacheka. Mjomba akainua mkono. "Sema, mwalimu wetu."

"Nilihesabu mahali pamoja tu, pale nilipofungua njia. Ming'oko ya pale imekwisha kwa sababu ya njia. Ndani zaidi ipo. Imepungua, lakini ipo, na huko wachimbaji wanafukia."

"Na pale kwenye njia, nani hakufukia?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nilisema, "Tuliokula ni sisi, mjomba. Chungu chetu."

"Sisi nani?" Esha aliuliza kutoka ukutani. "Mbona unasema kwa mafumbo?"

"Mimi, Esha," mama alisema. Alikuwa nyuma kabisa. "Mimi Somoe. Nimeng'oa na vichwa vyake. Ukitaka kuja kunicheka, njoo na goti lako tubadilishane."

Mjomba alijifunika uso kwa viganja, na aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu anayeamshwa usingizini.

"Siku zote hizi silali, natafuta maneno ya kuwafukuzia watu hawa. Nimeyapata. Sasa unaniambia niyarudishe." Akawageukia wazee, wakanong'ona muda mrefu, mvua ikaanza na kukoma. Mwisho alisema pori la karibu lipumzike, mtu asiingie. Kuchimba kuwe kule ndani, kwa pamoja, kila mtu akiona mkono wa mwenzake. Wa bondeni wakae mpaka kunde. "Lakini kila mwenye mgeni amlishe kwa chungu chake," alisema. "Somoe, chungu chako kina midomo minne na goti moja bovu. Hakitoshi. Sitaki nikute tena vichwa kapuni. Nani atapunguzwa hapo?"

Mama Ambrosi alianza kuuinua mkeka wake.

"Mimi," nilisema. "Nitarudi Masasi kwa Mwalimu."

"Huko kuna nini cha kula?"

"Sijui, mjomba."

Mama alisema, "Haendi."

9 Februari
Mama hasemi nami. Amenisukia kamba ya kufungia mzigo, amenitupia mlangoni.

11 Februari
Nimeteremka. Mama Ambrosi alinisindikiza mpaka pale njia inapoanza kushuka, Ambrosi mgongoni. Alisema, "Ulisema mbele ya wanaume wote wale! Mimi nilidhani huna ulimi, una wino tu." Kisha akalia, kwa sauti ileile kubwa anayochekea. Nilimtazama usoni, ikawa hivyo tu.

Mama hakuja. Lakini katika mzigo nilikuta fungu la ming'oko iliyochemshwa, tamu, isiyo na nyuzi. Lazima alitambaa ndani na wenzake kwa goti lile. Nimekula nusu njiani, Chiungutwa, chini ya kibanda kisicho na mwenyewe.

17 Februari
Masasi. Mwalimu Benedikto ni mifupa. Tuko wanafunzi watano. Hatusomi, tunalima mihogo na kuegemeana tukichoka. Chakula ni uji wa pumba.

2 Machi
Homa.

3 Machi
Homa.

15 Machi
Nimempa Mwalimu hesabu zangu zote, ule mraba wa kwanza na ile mitatu. Alizisoma amelala. Akasema, "Yule Mzungu wangu naye alifunga kamba zake karibu na hema. Nilimwona, sikusema. Nilikuwa kijana wa kubeba." Akafumba macho. Nilidhani amelala, kisha akasema, "Andika yote mawili. Na ulivyokosea andika."

30 Machi
Nywele zinakatika. Mihogo imeshika majani.

11 Aprili
Amepita Marko, mchukuzi wa chumvi, akitoka kwetu juu, Newala. Nilimkimbilia njiani, nikasahau hata kumwamkia.

Kunde zimevunwa, alisema. Mjomba Shamte anaumwa mgongo lakini anatembea. Watu wa bondeni wengine wameteremka kwa hiari yao kwenda kuangalia mashamba. Mama Ambrosi amebaki.

"Na mama yangu?"

"Hao wawili!" Marko alitua mzigo wake apumue. "Wanagombana kutwa nzima. Nimelala pale usiku mmoja, sikupata usingizi. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, mtoto amekaa katikati anawatazama."

"Wanagombania nini?"

"Chumvi. Mmoja anasema mboga imezidi chumvi, mwenzake anasema haina."

Nikamshukuru. Nilikaa kando ya njia mpaka alipopotea kwenye kona, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka, na nikawaza juu ya chungu kile, kwamba kina mboga ndani, na kuna mtu anaionja.